Amri ya Jiko Moja

Tarehe tatu Januari, mwaka wa sabini na tisa, Osundwa aliwaita wake zake wawili uani, akasimama mbele yao mikono nyuma kama chifu barazani. Wageni wa mwisho wa Krismasi walikuwa wameondoka asubuhi hiyo kurudi kwao Malava. Kando ya choo, mbwa wawili walikuwa wanagombania mfupa wa paja la ng'ombe.

"Pesa imeisha," Osundwa alisema. "Kuanzia leo boma hili lina jiko moja. Moto mmoja, sufuria moja, taa moja. Chai ni asubuhi peke yake, tena ya rangi. Mkate nisiuone hapa. Mtapikia kwa Mama Navalayo kwa sababu jiko lake ndilo kubwa."

Mama Navalayo ni Pascalia, mke mkubwa. Alisikia damu ikimpanda kichwani. Yeye na Rosebella, mke mdogo, hawakuwa wakiiva chungu kimoja hata kwa mfano wa maneno, na leo mtu anawaambia waive chungu kimoja kweli. Walikuwa na miaka mitatu hawajasemezana. Mmoja akiwa na la kumwambia mwenzake, alimwambia kuku aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua.

"Na wewe?" Pascalia alimwuliza mumewe. "Wewe utapunguza nini?"

"Mimi ndiye niliyeleta pesa," Osundwa alijibu, akaingia nyumbani.

Neno hilo lilimchoma Pascalia kuliko amri yenyewe, maana yeye alijua pesa ile ilitoka wapi. Aliolewa hapo Matungu mwaka wa sitini na moja, akitokea Khwisero, wakati Osundwa alikuwa na baiskeli na koti moja. Wakafyeka pamoja. Wakapanda mahindi, wimbi, mihogo na simsim, na kwa miaka kumi na miwili Pascalia hakujua unga wa kununua unafananaje. Kisha kiwanda cha sukari kikafunguliwa. Trekta likaja, likalima shamba lote, likapita hata pale alipokuwa na kunde zake na mboga ya murere. Miwa ikapandwa ikafika mlangoni. Ukitaka kuanika nguo, unayasukuma majani yake kwa kiwiko, na bado yanakukata.

Pascalia ndiye aliyepalilia miwa hiyo. Ndiye aliyebeba mbolea kichwani akiwa na mimba ya kitinda mimba wake. Lakini jina lililoandikwa kwenye mkataba lilikuwa moja, la Osundwa. Malipo ya kwanza yalipotoka, yakawa nyumba ya mabati. Ya pili yakawa Rosebella, msichana wa Butere mwenye miaka ishirini, meno meupe na kicheko cha kusikika barabarani. Dadake Pascalia alipokuja kumpa pole, Pascalia alimwambia, "Usinipe pole. Mimi ndiye niliyempalilia mwanamke huyu kwa jembe langu."

Malipo ya safari hii yalitoka wiki mbili kabla ya Krismasi, na Osundwa akawa kama mtu aliyepagawa. Alichinja ng'ombe. Alinunua santuri na sahani zake za muziki, kreti za soda zikafika hadi dirishani, akajishoneshea kaunda suti mbili. Ndugu zake wa Malava walikaa majuma mawili wakila chapati asubuhi, mchana na jioni, na aliyezisukuma chapati hizo ni Pascalia, magoti yakiwaka moto. Hakuna aliyemwambia ahsante. Sasa wameshiba wamekwenda zao, na anaambiwa yeye ndiye afunge mkaja.

Siku ya kwanza ya jiko moja, Rosebella aliingia na sufuria yake kichwani, bintiye mdogo Jescah akimfuata, akakaa upande usio na moshi bila kuamkia mtu. Pascalia akatia chumvi mbogani. Alipotoka kuchukua kuni, Rosebella naye akatia. Osundwa alipoweka tonge la kwanza mdomoni, alilitema nje ya mlango.

"Mnataka kuniua?"

"Muulize aliyetia," Pascalia alisema.

"Muulize aliyetia kwanza," Rosebella alisema, akimtazama kuku.

Mambo yakaenda hivyo, yakizidi kila siku. Wakigombania mwiko. Wakigombania nani amesonga obusuma, yaani ugali, na nani ameacha madonge. Pascalia alianza kuwapakulia watoto wa Rosebella ukoko wa chini ya sufuria, na wake akawapa katikati palipo laini. Alijua ni ubaya. Alimwona Jescah, mtoto wa miaka miwili, akiutafuna ukoko ule kwa juhudi, na moyo wake ukamsuta kidogo, lakini kesho yake akafanya vilevile. Chuki ilikuwa imemkaa kooni na ilikuwa tamu kuliko chai ile ya rangi. Rosebella alipogundua, aliishika sufuria kwa mikono miwili, akaimwaga jivuni yote, chakula cha watu kumi. Wakashikana. Pascalia alimpiga mwiko wa bega, Rosebella akamrarua kitambaa cha kichwa, na watoto wa pande zote mbili wakasimama mlangoni wakilia njaa.

Siku hiyo Osundwa hakuwa nyumbani. Siku hizo alikuwa haonekani sana saa za chakula.

Jumamosi ya pili Pascalia alitumwa sokoni kununua unga. Alipewa pesa za makopo mawili ya gorogoro, akaonywa asirudi na kitu kingine. Alipopita mbele ya hoteli moja, alisikia kicheko anachokijua. Osundwa alikuwa ameketi karibu na mlango na wazee wawili wa shirika la wakulima. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ingokho, paja zima la kuku na mchuzi wake, na bilauri ya chai nyeupe ya maziwa iliyojaa mpaka ukingoni. Midomo ilimng'aa mafuta.

Osundwa alimwona. Hakushtuka hata kidogo. "Unafuata nini huku?"

"Unga."

"Basi nunua uende. Mwanamke hasimami mlangoni pa hoteli."

Wale wazee wakacheka. Pascalia alitazama lile paja la kuku kwa muda mrefu hata mwenye hoteli akaanza kuona haya, kisha akaenda zake. Dukani alikuta unga umepanda bei. Pesa aliyopewa ilitosha gorogoro moja na nusu.

Njia ya kurudi nyumbani ilipita katikati ya miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, mashamba ya watu anaowajua kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyebakiza mahali pa kupanda bua moja la mahindi. Unga aliobeba kichwani ulikuwa wa mahindi ya Lugari. Watu wa Lugari wamelima, lori limeleta, mwenye duka amekula faida, ili yeye, mwenye ekari nane, atembee maili tatu na kopo moja na nusu. Hakulia. Alikuwa amekasirika kiasi cha kusahau kulia.

Jumatatu, jua lilipochomoza, alitoka na jembe na sururu. Miwa ilikuwa imekatwa mwezi wa Septemba, na machipukizi yake yalikuwa yamefika magotini. Pascalia alianza na shina lililokuwa karibu zaidi na mlango wake. Shina la muwa halitoki kwa kubembelezwa. Ulipige sururu pande zote nne, uivute mizizi, uipige tena. Alikuwa ameng'oa sita, mgongo umelowa jasho, Rosebella alipotokea.

"Unafanya nini?" Ndilo neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso katika miaka mitatu.

"Si una macho?"

"Baba Jescah atakuua."

"Akiniua, jiko litakuwa lako peke yako. Nenda kamwamshe."

Rosebella alirudi kwake. Pascalia aliongeza kasi, maana alitaka mumewe akija akute nafasi ya kutosha, isiyoweza kufichwa. Lakini Rosebella alitoka na jembe lake, leso amejifunga kiunoni, akaenda hatua kama kumi kutoka kwa Pascalia, mbele ya nyumba yake, akaanza kupiga.

"Hapo unaenda wapi?" Pascalia alifoka.

"Hapa ni kwangu."

"Kwako tangu lini?"

"Tangu sasa. Unadhani ni wewe tu unayejua anakula wapi? Anakuja kwangu anatoa harufu ya ingokho, mtoto ananusa shati lake!"

"Kwako kunaishia kwenye kile kichuguu. Ukivuka nitakukata mguu."

"Na wewe ukivuka nitakukata miwili."

Wakapigilia kijiti kwenye kichuguu. Wakalima, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amechoka kwanza, kazi ya siku tatu ilikaribia kwisha kwa asubuhi moja.

Osundwa alitoka akiwa na suruali moja ya kaunda suti na fulana. Alipoona mashina yamelala na mizizi juu, alirudi ndani, akatoka na panga.

"Nyinyi mmerogwa? Hiyo ni miwa ya mkataba! Mnataka nifungwe?"

Pascalia alinyoosha mgongo. "Ulisema tupunguze matumizi," alisema. "Kinachomaliza pesa hapa ni unga. Mimi napunguza unga."

"Weka jembe chini!"

"Siweki."

Osundwa aliinua panga. Pascalia alikwisha kumwona akiwa na hasira mara nyingi, lakini hasira ya panga ilikuwa mpya. Kisha sauti ikatoka upande wa kichuguu.

"Piga," Rosebella alisema. "Mpige, unipige na mimi. Kisha uende ukaishi hotelini, si ndiko unakokulanga?"

Osundwa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi kwa raha katikati ya ugomvi wao. Akinuniwa huku, alihamia kule. Asubuhi hiyo hapakuwa na kule. Alishusha panga, akampokonya Pascalia jembe, akauvunja mpini wake kwa goti, akatupa vipande vyote chooni. Akavaa koti, akapanda baiskeli, akaenda Malava kwa ndugu zake.

Pascalia akachukua sururu, akaendelea.

Osundwa alikaa Malava siku nne. Labda alitarajia kupikiwa chapati kama zile zilizopikwa kwake. Pascalia hakujua, na hakuuliza. Osundwa alirudi amekonda, akaona ardhi imegeuka nyeusi kutoka mlango hadi mlango, akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia ndani. Alikuwa na hofu ya kiwanda kuliko hasira.

Na kweli, mwezi wa pili afisa wa shambani alikuja kwa pikipiki kukagua machipukizi. Alitembea mistari, akafika pale, akasimama na karatasi zake.

"Mzee, hapa karatasi inaonyesha miwa."

Osundwa alikohoa. Afisa akawageukia wanawake.

"Hapa ni uani," Pascalia alisema. "Hapajawahi kuwa na miwa."

Afisa akamtazama Rosebella. Pascalia alingoja kuuzwa. Kama ni yeye aliyekuwa mahali pa Rosebella, hakuwa na hakika angefanya nini.

"Tangu niolewe hapa ni uani," Rosebella alisema.

Afisa alitazama ardhi iliyolimwa, akatazama mizizi mikavu iliyorundikwa kando, akatazama wale wanawake wawili walivyosimama, mmoja huku mwingine kule, hawatazamani. Akapiga mstari kwenye karatasi, akapunguza kipimo cha shamba, akawasha pikipiki.

"Usinishukuru," Rosebella alisema vumbi lilipotua.

"Sikuwa na nia," Pascalia alijibu.

Mvua ya Machi ilipoanguka walipanda, kila mmoja kwake. Pascalia alitia mahindi, kunde katikati, murere pembeni. Miezi ile ya kungoja ilikuwa mibaya. Walikula viazi vitamu vya kuomba kwa majirani, wakaendelea kupigania chumvi kwenye jiko lile moja, na mara moja Rosebella alimfungia mlango wa jiko Pascalia akiwa nje mvuani. Ila ukoko, Pascalia aliacha kuwapakulia watoto wa Rosebella peke yao. Aliugawanya sawasawa, akajiambia ni kwa sababu wake pia wanaupenda.

Mwezi wa Agosti mahindi yalikauka. Asubuhi moja moshi ulitoka kwenye majiko mawili. Hakuna aliyetangaza na hakuna aliyeomba ruhusa. Osundwa aliketi kwenye kiti chake kati ya nyumba hizo mbili, akatazama moshi wa huku, akatazama wa kule, kisha akaomba chai. Kila mmoja alidhani ameombwa mwenzake, na hakuletewa.

Hakuwasamehe. Desemba, malipo yalipotoka, hakumnunulia Pascalia hata leso, na aliwaambia watu kilabuni kwamba ameoa fisi wawili. Ng'ombe hakuchinja. Wageni wa Malava walipotuma salamu kwamba wanakuja, Pascalia aliwarudishia salamu kwamba waje na unga wao. Hawakuja. Kufikia Januari ghala lake lilikuwa na mahindi ya kumfikisha Mei.

Mwezi huo dadake, Zipporah, alikuja kutoka Khwisero kumwamkia, akamkuta amekaa kizingitini anapukuchua. Zipporah alitazama mabua ya yale mashamba mawili yamesimama sambamba, akafurahi.

"Nimesikia mlishirikiana na mwenzako," alisema. "Ni vizuri. Angalau sasa mmepatana."

"Nani alishirikiana?" Pascalia aliuliza. Alitupa gunzi kando, akachukua hindi jingine. "Kila mtu alilima kwake. Tena tazama pale kwenye kichuguu. Kijiti amekisogeza tena. Hatua nzima, dada yangu. Nikimaliza hili debe nakwenda kukirudisha, na nikimkuta hapo, utasikia wewe mwenyewe."