Taa ya Kufuturia ya Bibi

Harufu ya risasi ya kulehemu inapoyeyuka bado hunirudisha kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Bagamoyo, mwezi wa Shaabani, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mjomba Haidari, fundi umeme wa meli za mizigo, alikuwa amerudi likizo na kibao cha kompyuta kikubwa kama sahani. Kilikuwa na vitufe vya namba upande mmoja, na katikati kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. Alitaka kimtumikie mama yake.

Bibi alikuwa hasikii kabisa. Ramadhani iliyotangulia, binamu yangu mmoja alimpungia mkono kwa utani kuwa kumeadhiniwa. Bibi akanywa maji jua lingalipo, ikambidi ailipe siku ile. Tangu hapo hakumwamini mtu. Alingoja mpaka giza liingie kabisa, midomo imemkauka, na jioni moja akaanguka akielekea kwenye mtungi.

"Mtu ana utani," Mjomba aliniambia. "Hiki hakina."

Kazi yake ingekuwa hii: tukiwashe alasiri, kihesabu muda hadi magharibi, kisha kiwashe taa nyekundu mbele ya Bibi. Mjomba aliandika maagizo kwa maneno, hatua kwa hatua, kisha akaketi na jedwali akitafsiri kila agizo kuwa namba, maana kile kidude hakikujua lugha nyingine. Halafu akazibonyeza zile namba moja moja hadi zote zikaingia. Umeme wa mji ulikuwa haukawii kukatika, na ukikatika kibao husahau kila kitu, kwa hiyo tulikiunga kwenye betri ya lori.

Siku ya kujaribu, taa iliwaka jua likiwa bado juu ya paa. Bibi akacheka akishika mbavu. "Haidari, umeniletea kobe!" Kobe, kwetu, ni yule anayekula mchana wa Ramadhani.

Mjomba hakucheka. Mwezi ulikuwa karibu kuandama, na Bibi asingekubali kudanganywa mara ya pili.

"Tusikilizane kama chuoni," nikamwambia. Chuoni, tulikosomea Kurani, mmoja husoma juzuu, mwenzake hufuata kwa kidole, isije ikarukwa aya. Mjomba akasoma namba zilizomo ndani ya kibao, zikijitokeza moja moja kwenye kidirisha chake, nami nikafuata kwenye karatasi yake, polepole.

"Simama, Mjomba. Umemeza mstari."

Ulikuwa mstari wa kukiambia kirudi kuhesabu tena; bila huo kilihesabu mara moja tu, kikawasha taa. Akaanza upya kubonyeza, tangu namba ya kwanza.

Futari ya kwanza Bibi aliketi akiikodolea taa, tende mkononi. Adhana ikaanza. Mjomba alikuwa ameongeza dakika chache za tahadhari, na tulizingoja, hakuna aliyethubutu kumwashiria. Kisha taa ikawaka. Bibi akanong'ona dua, akala tende yake bila kumtazama mtu usoni.

Leo mjukuu wangu huandika maagizo yake kwa maneno, kompyuta ikamtafsiria, na kupitia waya mwembamba yakahamia kwenye kidude kidogo kuliko kucha kabla chai yangu haijapoa. Wala hakisahau umeme ukikatika. Namshukuru Mungu kwa kunijaalia kuyaona haya. Akikosea, kioo cha kompyuta humwonyesha kosa, naye hulirekebisha peke yake chumbani, kimya. Sisi ilibidi tukae mkeka mmoja, tuambiane.