Tawi Katika Njia Panda

Jumapili kambini kwetu ilikuwa siku ya kufua, ya kusukana nywele, na kwa wanaume wengi siku ya pombe. Sisi tulikwenda porini. Majirani walitucheka kila wiki. "Leo mnakwenda kuwinda nini?" waliuliza, na mama aliwapungia mkono tu, kikapu cha viazi vya kuchemsha kichwani, mimi nyuma yake na kibuyu cha maji.

Matembezi hayo aliyabuni mama, na alikuwa na sababu yake. Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, ameletwa kwa lori kutoka upande wa Kigoma kuja kukata mkonge Korogwe. Mama ni Mzigua wa Handeni. Walioana hapahapa, na baba alikuwa akisema kwamba mkataba ukiisha atatuchukua sote twende kwao. Alisema hivyo kila alipochoka, na mkata mkonge huchoka kila siku. Mama aliogopa safari hiyo kuliko kitu chochote, lakini hakuwa mtu wa kugombana. Aliona dawa ni kumfanya baba aipende nchi yetu, na nchi yenyewe haikuonekana kutoka kambini. Pale uliona mkonge tu, mstari kwa mstari, mpaka macho yanachoka.

Basi akatuzungusha. Tulipita Kwamndolwa tukashuka hadi mtoni kuwatazama viboko. Tulipanda vilima kutafuta mabungo, tukarudi na meno yenye ganzi kwa ule uchachu. Mama alionyesha bonde, akaonyesha udongo mweusi, akasema, "Tazama, baba watoto, hapa mahindi yanaota yenyewe." Baba alitazama kwa adabu. "Pazuri," alisema. "Lakini kwetu kuna ziwa." Mimi nilikuwa nachukia sana lile ziwa ambalo sijawahi kuliona.

Mara nyingine bibi, mama yake mama, alikuja nasi, na hapo mwendo ulibadilika. Kwa heshima ya ukwe baba hakuweza kutembea karibu na mama mkwe wake, wala kumngoja njiani. Kwa hiyo mama alitangulia pamoja nami kwa kuwa ndiye aliyezijua njia, baba akafuata, na bibi akaja nyuma kabisa taratibu, na mdogo wangu wa kiume ambaye hakubanduka kwa bibi kwa sababu ya karanga alizofunga kwenye pindo la kanga. Penye njia panda mama alivunja tawi lenye majani akalilaza kukata ile njia ambayo hatukuipita. Anayekuja nyuma akiliona, anajua asipite huko. Nilidhani duniani kote watu wanajua hivyo.

Siku moja tulikwenda upande wa Makuyuni. Tulifika penye njia panda, mama akalaza tawi kwenye njia ya kushoto, tukashika ya kulia mpaka kwenye kijito, tukakaa kivulini. Baba akafika. Tukala viazi. Bibi hakutokea.

"Tawi uliliona?" mama akauliza.

"Lile lililoziba njia? Nimelitupa kichakani."

Kichwani mwake hakuona kosa lolote: yeye alifuata migongo yetu tu, na hakuna aliyewahi kumwambia maana ya tawi. Kwenye shamba la mkonge kitu kikilala juu ya reli, troli ya mkonge inaanguka na nyapara anatukana mpaka mama yako mzazi. Mkono wake ulikuwa umezoea kuondoa. Mimi nilicheka. Kisha nikamwona mama usoni.

Njia ya kushoto iliteremka mtoni, na mto ule ulikuwa na mamba. Baba alikimbia. Sijamwona tena akikimbia vile. Tulimsikia mbele yetu akiita, "Mama! Mama!" yeye ambaye kwa heshima alikuwa hata hamtazami bibi usoni. Hakuna aliyeitika. Tulitafuta ukingoni mpaka jua likaanza kushuka, mama akipekua matete kwa mikono, na hilo lilinitisha kuliko yale maji.

Tuliwakuta kwenye shamba la mzee mmoja, juu ya ukingo, mdogo wangu akitafuna muwa na bibi akiwa amenyoosha miguu.

"Nilifika mtoni nisione nyayo zenu," bibi alisema. "Nikapanda huku kwa watu, nikakaa. Ningezunguka ili nini?"

Baba alikaa chini mbele ya mkwewe, jambo la aibu, akamkumbatia mdogo wangu, akalia. Bibi aligeuza uso wake pembeni kumsitiri. Mimi niliona haya na huruma kwa pamoja.

Tulipofika nyumbani baba alimwambia mama, nami nikiwa nakoka moto palepale: "Mchana mmoja tu wa kupotelewa na mtoto nimeumia hivi. Mama yangu hajaniona tangu nipande lile lori. Niliwafuata vijana wenzangu, sikumuaga."

Mama angeweza kunyamaza. Matembezi yote yale aliyafanya ili mtu huyu asiondoke. Alikoroga mboga, akakoroga tena, kisha akasema, "Mkataba ukiisha nenda ukamwone. Watoto waache na mimi."

Alikwenda kweli, kwa lori hadi Morogoro akapande treni. Wanawake wa kambi walimwambia mama wazi kwamba huyo ndiyo basi, asahau. Tulihamia kwa bibi, maana nyumba ya kambi ni ya mwenye mkataba. Mama alilima, alipika, na alipoulizwa habari za mumewe alijibu kuwa hajambo, ingawa hakuwa na habari yoyote.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza baba aliporudi, amekonda, miguu imejaa tope. Mama alimpa maji kwanza. Kisha akauliza, "Umemkuta?"

"Nimekuta kaburi," baba alisema. "Limeshaota nyasi."

Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kutupeleka kwao. Mama alikuwa amepata alichokitaka miaka yote. Lakini siku ile alikaa chini mlangoni akamlilia mkwe asiyewahi kumwona, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani bibi amefariki.