Hatua Kumi na Tano

Baba mkubwa, Mungu amrehemu, aliwafundisha watu wa zimamoto kujihadhari na umeme, na kazi hiyo hakuiacha getini. Hata kamba ya kuanikia nguo ikikatika, alitanua mikono na kuturudisha nyuma hatua kumi na tano, akizihesabu kwa sauti. "Waya ukianguka, jua una umeme mpaka fundi apime." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku moja waya uliangukia gari la shangazi, naye yumo ndani. Baba mkubwa alisimama mbali, amemshika mzimamoto mmoja mkanda asikimbilie pale.

"Kaa humo humo, dada! Usiguse mlango!"

"Kaka gani wewe, unanitazama kama sinema!"

"Nitukane, ila usishuke!"

Shangazi alimtukana nusu saa nzima. Mafundi walipokata umeme, baba mkubwa aliwapita wote mbio kwenda kumfungulia.

Juzi tulipomzika, shangazi alisimama mbali na kaburi, kama hatua kumi na tano. Tukamwita aje atie udongo.

"Niacheni kwanza," alisema, machozi yakimtiririka. "Bado hajaniruhusu."