Windows 10 imeisha muda: nusura nifute laptop ninayotarizia, na kasula ya padri ilikuwa bado haijashonwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Na wakuu wa kike pia, najua mpo, msijifiche.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo naleta la kwangu mwenyewe bila kuongeza chumvi, maana naona nyuzi nyingi za "hama Windows" na "usihame", na watu wanashauriana kana kwamba kwetu sote computer ni ya kuangalia sinema.

Mimi natarizi. Nina chumba cha kazi hapa Nguba, mashine moja ya zamani na laptop moja. Mchoro nautengeneza kwenye software ya laptop, halafu unapita kwa waya mpaka kwenye mashine. Beji za shule, sare za kwaya, mashuka ya maharusi, vyote vinapita hapo. Laptop ikilala, na mimi nimelala.

Ile software nilipewa pamoja na mashine, na aliyeniuzia alishahama mji. CD yake sijawahi kuiona. Shikeni hilo.

Sasa akaja mama mmoja mjane wa Bagira, Maman Furaha. Mtoto wake wa kwanza alikuwa shemasi, anakaribia kupadrishwa, na kina mama wa jumuiya yao walikuwa wamechangia kitambaa cheupe cha kasula, lile vazi la juu la padri, ya misa yake ya kwanza. Kitambaa kimoja, kizuri, cha kuagiza. Ukikiharibu, hakuna kingine.

Nikamwonyesha mchoro wangu wa ngano na zabibu, ambao kila mtu anauchukua. Akaukataa.

"Baba yake alilima mutama, hakulimaka ngano," akaniambia. "Umuwekee mutama. Baba yake hatakuwa pale, basi ile mutama isimame pale."

Wakuu, mtapingana vipi na mama wa namna hiyo? Nikakaa chini nikachora mtama, suke kwa suke, jioni baada ya jioni. Nachora nafuta, nachora nafuta. Mpaka ukakubali.

Siku hizo hizo laptop ikaanza kunitolea message: support ya Windows 10 inaisha, tarehe hii hapa. Nikajaribu kwenda Windows 11, ikaniambia laptop yako haifai. Hivyo hivyo, bila hata pole.

Hapa naomba mnielewe. Huku kwetu ukipata message kwenye simu kwamba laini isiyoandikishwa itafungwa tarehe fulani, tarehe ikifika laini inafungwa kweli. Nimeshafungiwa, nikakaa bila wateja mpaka nilipokwenda kupanga foleni. Kwa hiyo message ya Windows niliisoma kwa macho yale yale: tarehe ikifika, wanakata. Na tarehe ilikuwa inaangukia kabla ya upadrisho, na kushona mapema sikuweza, vipimo vya shemasi vilikuwa bado havijanifikia.

Kununua laptop nyingine siku hizi hapa mjini, tusidanganyane, ni ndoto.

Nikamwita shemeji yangu Bahati, mdogo wa mume wangu, anayekaa Muhumba. Huyo ndiye fundi wetu wa computer, familia nzima inamtegemea, na malipo yake ni sahani ya sombe, kisamvu chetu. Alipoona ile message hakushangaa. Alikuwa anangoja tu nimwite.

"Shemeji, hii Windows iko naisha," akasema. "Uniachie nikuwekee Linux. Iko bure, na ma virus hayatakusumbua tena."

Nilifurahi, siwafichi. Nikaona Mungu amefungua mlango. Bahati akachomeka clé yake ya USB, yaani flash, akaanza kubonyeza, mpaka kikatokea kisanduku kinachouliza kama disque yote ya laptop ifutwe. Akanigeukia ili niseme ndiyo.

Nikamwambia ngoja kwanza. Si kwamba nilijua chochote. Ni mazoea ya mikono tu. Mtu wa kutarizi hapeleki sindano kwenye kitambaa cha mteja kabla ya kushona mchoro kwenye kipande cha kutupa. Hata beji niliyoishona mara mia, kwanza kipande. Sasa huyu anataka kuanza na nguo yenyewe?

Nikamuuliza kama kuna namna ya kuijaribu kwanza bila kufuta kitu. Akasema iko, inaweza kutembea juu ya ile ile clé, disque haiguswi. Nikamwangalia. Vijana wa computer wana haraka jamani, hilo lilikuwa la kuniambia tangu mwanzo.

Basi tukaijaribu. Na niseme haki yake: Linux ni nzuri. Ilifunguka haraka kuliko Windows yangu, Kifaransa kipo, keyboard yetu ikaitambua, internet ikashika. Nikaanza kuipenda.

Tukaja kwenye software ya kutarizi. Haikufunguka. Bahati akatafuta njia za kuzunguka, akapakua hiki, akageuza kile, sombe ikapoa mbele yake. Mara moja dirisha likafunguka nikapiga makofi, lakini mashine haikuonekana kabisa, kama haina waya. Mwishowe akavua miwani akasema hapana, haiwezekani, na angekuwa ameshafuta ningekuwa sina software wala mtama. Nilimheshimu kwa kulisema bila kujitetea.

Lakini mimi nikaanza kulia. Nikamwambia sasa nifanye nini, hapa Linux haikubali, na kule tarehe ikifika wanakata, na kitambaa cha watu kipo mezani.

"Wanakata nini, shemeji?" akauliza.

Computer, nikamwambia. Si wameandika?

Akavuta kiti karibu yangu. "Hakuna mutu atakata kitu," akasema. "Itawaka kama kila siku. Wao wataacha tu kuipatia dawa ya virus."

Wakuu, nilikaa kwenye kiti nikacheka na machozi bado yapo. Kumbe siku zote yeye anawaza virus, mimi nawaza kukatwa, na tunaitikiana tu.

Akanieleza polepole. Support ikiisha, laptop haifi. Haipati tena marekebisho ya usalama, basi. Hatari inaingia kwa internet na kwa clé za wateja. Kwa hiyo tuliamua hivi: laptop ya kazi imebaki na Windows yake, internet tumeizima moja kwa moja, na michoro yote tumeikopi pembeni. Ile laptop nzee ya binti yangu iliyokuwa inakusanya vumbi ndiyo imewekwa Linux. Barua pepe, picha za wateja, clé zao, kila kitu kinafunguliwa kule kwanza.

Tarehe ikafika. Nilibonyeza kitufe asubuhi huku nimefumba macho, ingawa nilishaelezwa. Ikawaka. Wiki ile ile vipimo vikafika, nikashona kasula, kipande kwanza, halafu nguo. Mtama ukatoka safi, hakuna uzi uliokatika.

Siku ya misa ya kwanza nilikuwa benchi la nyuma. Padri kijana alipotoka amevaa, mama yake hakuimba wala kupiga vigelegele kama wenzake. Alisimama tu, akauangalia mtama kifuani kwake, na akavua viatu kama mtu anayeingia shambani.

Nilichojifunza: ukiambiwa kitu kinaisha, uliza ni nini hasa kinachoisha. Mimi niliona aibu kuuliza swali dogo, nikakaribia kufuta kazi ya mama wa watu.

Sasa nyinyi wenye mashine za kazi, za kutarizi, za maabara, za redio, mliamua nini? Na kama kuna aliyewahi kuifanya Linux iione mashine ya kutarizi ya zamani, aje atuambie. Bahati naye amefungua akaunti humu, anangoja kusoma majibu yenu.