Kidonda cha Filfil

Jerusha Kemunto hujitambulisha kanisani kama nesi wa vidonda, na watu wakicheka huwaeleza kwamba katika miaka minane ya hospitali kule Nyamira na mitano ya Doha, amefunga na kufungua bendeji nyingi kuliko chapati alizosukuma. Nyumba anayofanyia kazi iko Muaither, pembeni mwa Doha. Mgonjwa wake ni mmoja tu, Mama Munira, mwalimu mstaafu wa biolojia mwenye umri wa miaka sabini na minne. Kisukari kilimchukua kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kabla Jerusha hajaajiriwa, kikamwachia kidonda kwenye unyayo ambacho hufunga kidogo kisha hufunguka tena. Kila asubuhi Jerusha hukisafisha, hukipima, hukifunga. Mwezi wa Mei madaktari waliandika barua ya kumwita Mama Munira akatwe kidole cha pili. Alikataa. Binti yake, Madam Maryam, alimsihi hadi akachoka.

Chumbani mwa Mama Munira, upande wa kiyoyozi, kuna tangi la kioo, na ndani yake anaishi Filfil. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mjusi aliyetumbukia majini akasahaulika. Ni salamanda, mrefu kama kidole cha kati, mweusi mgongoni, na tumbo lake ni jekundu la kuwaka, lenye madoa. Hana magamba, ngozi yake ni laini na yenye utelezi kama ya chura. Alikuwa wa maabara ya shule. Siku Mama Munira alipostaafu, miaka kumi na miwili iliyopita, hakuna mwalimu aliyemtaka, hivyo Mama akaondoka naye kwenye chupa ya achari. Filfil ni pilipili kwa Kiarabu, na Jerusha alipolielewa jina hilo alianza kumwita Pilipili, jambo ambalo halikumsumbua yeyote.

Jerusha hakuwa akimpenda sana. Alimlisha minyoo iliyogandishwa siku Mama alipokuwa amechoka, akinawa mikono mara mbili kwa sababu aliambiwa ngozi ile ina sumu kidogo. Zaidi ya hapo waliheshimiana tu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Agosti mwaka jana, asubuhi, Jerusha akiandaa sinia lake la dawa.

"Sista," Mama Munira alisema kutoka kitandani, kwa ule mchanganyiko wao wa Kiarabu na Kiingereza, "Filfil hajala tangu juzi. Hebu mtazame. Macho yangu hayafiki."

Jerusha aliinama kwenye kioo. Salamanda alikuwa amejibanza kwenye kona, mguu wa nyuma wa kulia ukining'inia. Kutoka kwenye paja hadi ubavuni palikuwa na mchubuko mwekundu, na juu ya mchubuko kitu cheupe kimeota kama pamba iliyolowa. Vidole vya mguu ule vilikuwa vimevimba, rangi ya majivu.

"Ana kidonda, Mama."

"Kikubwa?"

"Si kikubwa," Jerusha alisema. Kwa mwili wa Filfil kilikuwa kikubwa mno, lakini hayo hakuyasema.

Hadijah, Mganda kutoka Masaka anayefanya usafi na mapishi ya nyumba hiyo, aliingia kumpeleka Mama bafuni. Mlango ulipofungwa, Jerusha alibaki na sinia lake na mgonjwa wa pili. Mkono ulitangulia akili. Alivaa glavu, akamtoa Filfil majini, akamlaza juu ya shashi iliyolowa, akafanya kile ambacho amekifanya mara elfu: akapangusa kidonda kwa iodini ya kahawia kutoka kwenye chupa, kisha akapaka krimu ileile anayompaka Mama Munira.

Mnyama alijipinda kama upinde. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akalegea. Ule mpapatiko mdogo wa kooni, ambao Jerusha hakuwahi kuutilia maanani, ukakoma.

"Yesu wangu," alisema kwa sauti.

Alimkimbiza kwenye sinki la chumbani na kufungua mfereji. Bahati nzuri aliyapima maji kwa kifundo cha mkono kwanza, kama apimavyo ya kumwogesha Mama. Agosti maji ya Doha hushuka kutoka kwenye matangi ya darini yakiwa moto, hata ukifungua upande wa baridi. Alifunga mfereji, akachukua chupa ya maji ya kunywa mezani, akaanza kummiminia polepole, akikwangua krimu kwa shashi, hadi chupa ikaisha, akafungua ya pili. Katikati ya chupa ya pili koo la Filfil likacheza. Likatulia. Likacheza tena.

Hapo ndipo alipompigia Mutai. Mutai ni wa kwao kanisani, Mkalenjin mpole anayefanya kazi kama msaidizi katika kliniki ya wanyama huko Umm Salal, nje ya jiji, ambako kazi kubwa ni vipanga wa kuwindia.

"Umempaka nini?" Mutai aliuliza kabla hajamaliza kueleza.

Jerusha akamtajia.

"Wewe Jerusha! Huyo hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Anapumua kwa ngozi pia. Hiyo dawa hukumpaka, umemnywesha."

"Sikujua."

"Sasa sikiza. Usimrudishe kwenye tangi. Tafuta kopo safi, weka tishu nyeupe isiyo na manukato, uilowanishe kwa maji ya chupa. Maji yawe ya baridi, lakini si ya barafu. Maji ya mfereji usiguse, yana klorini. Mfunike, mweke gizani, na usimpake kitu kingine chochote. Hata chumvi usiweke. Tunafungua saa tisa, daktari wetu anawajua hawa."

Aliweka kila kitu kwenye kopo la aiskrimu lililooshwa, akatoboa kifuniko. Alipogeuka, Hadijah alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, ameshika taulo kwa mikono miwili.

"Sista, ni ile nyumba," alinong'ona. "Kijumba cha plastiki. Nilikinunua kwenye maduka ya Fereej Bin Mahmoud siku yangu ya kupumzika, nikakitia Jumanne nilipoosha tangi. Niliona anakaa peke yake, hana hata pa kujificha. Usiwaambie ni mimi. Watanirudisha kwetu."

Jerusha alikitoa kijumba majini. Kizingiti cha mlango wake kilikuwa na ukingo wa plastiki uliokatwa vibaya, mkali kama wembe. Alitaka kumgombeza, akakumbuka alichokifanya yeye mwenyewe dakika kumi zilizopita. Wazo lilimjia pia, na huwa analikiri waziwazi anaposimulia: iodini hakuna aliyeiona. Filfil akifa, itasemwa kidonda ndicho kilichomuua.

Mama Munira aliporudishwa kitandani, Jerusha alimsogelea akiwa na kopo mkononi.

"Mama, nimefanya kosa. Nimempaka Filfil iodini na krimu yako. Nusura afe. Nimemwosha, anapumua, lakini sijui kama atapona."

Nje mwadhini alikuwa akiita kwa swala ya Ijumaa.

"Iodini uliichanganya na maji?"

"Hapana, Mama."

"Ilikaa juu yake dakika ngapi?"

"Mbili. Pengine tatu."

"Nimefundisha wasichana miaka thelathini na mmoja kwamba ngozi ya amfibia hupitisha kila kitu," Mama Munira alisema. "Na wewe tumekaa chumba hiki miaka minne, sikukufundisha. Nipe nimwone." Alilisogeza kopo karibu na uso, akatazama kwa kikuzaio chake, kile kioo cha kukuzia maandishi. "Na hicho kidonda kimetoka wapi?"

Jerusha alianza kukusanya shashi zilizolowa. Ni Hadijah aliyesogea mbele, akaweka kijumba cha plastiki juu ya shuka.

"Ni mimi, Mama. Nilidhani anachoka na upweke."

Mama Munira alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, akakiondoa haraka. "Filfil hapendi nyumba wala majirani," alisema. "Ukitaka kumpa kitu, mpe majani. Kitupe hiki." Na hayo ndiyo yote aliyomwambia Hadijah, siku hiyo na siku zote zilizofuata.

Madam Maryam alirudi mchana na kusikia habari akiwa bado na mkoba begani. Ni mtu wa benki, mwenye haraka. "Mama, nitakununulia mwingine kesho. Wawili, ukitaka."

"Huyu ndiye ninayemjua. Leta gari."

"Wewe hujatoka nje ya nyumba hii tangu Mei!"

"Basi leo nitatoka."

Wakaenda Umm Salal, Madam Maryam kwenye usukani, Mama Munira kando yake, Jerusha nyuma na kopo la aiskrimu mapajani, chupa ya maji baridi iliyofungwa taulo ikiegemezwa ubavuni mwa kopo ili joto la nje lisimfikie. Kwenye ukumbi wa kungojea waliketi wanaume watatu wenye vipanga mikononi, ndege wamefunikwa macho kwa kofia ndogo za ngozi. Waliangalia kopo, wakaangalia kiti cha magurudumu cha Mama, wakasogea kwa adabu. Mutai, akiwa kwenye sare yake ya kijani, aliwapokea kama wageni wa heshima.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alichukua uzi wa ule weupe kwa ncha ya pamba, akautazama kwa hadubini, akarudi.

"Ni kuvu, na chini yake kuna bakteria," alisema. "Mchubuko wa ubavuni utapona kwa dawa ya matone. Mguu kuanzia kifundo umekufa. Lazima niukate."

"Kwake utaota tena," alisema Mama Munira.

"Unajua mambo haya."

"Nilikuwa nikiyafundisha. Utakata wapi?"

"Juu kidogo ya palipokufa, penye nyama nzima."

"Na ukingoja wiki moja uone?"

"Nikingoja wiki nitakata hadi kwenye paja. Maradhi yakipanda mwilini, sitakuwa na cha kukata. Wengi wanaoleta wanyama huningojesha kwa sababu wanawaonea huruma, kisha wananiletea maiti."

Hakumlenga Mama Munira. Hata hakujua kilichokuwa ndani ya kiatu chake kipana cha kitambaa. Jerusha aliangalia sakafu.

Walimwachia daktari Filfil, wakamchukua Jumapili. Kwenye gari siku ile ya kwanza, walipokaribia nyumbani, Mama Munira aligeuka nyuma.

"Sista, ile barua ya hospitali iko wapi?"

"Kwenye droo yangu, Mama."

"Unitolee."

Madam Maryam aliendelea kuendesha bila kugeuka, lakini Jerusha alimwona kwenye kioo akijifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

Kazi ya majuma yaliyofuata ilikuwa ya subira tu. Filfil alikaa kwenye kopo pana lenye maji ya kina cha kidole kimoja, juu ya rafu iliyo karibu na kiyoyozi. Kila asubuhi Jerusha alimaliza mguu wa Mama, akavua glavu, akanawa, akavaa nyingine, akabadilisha maji yote, kisha akadondosha tone moja la dawa juu ya kidonda. Tone moja. Vidole vyake, vilivyozoea kukamua krimu bila kuhesabu, vilijifunza tone moja. Maji alikuwa akiyaandaa tangu jana yake kwenye mtungi, na Hadijah ndiye aliyeyapoza, akizungusha chupa kwenye friji kwa zamu kama mtu anayelea mtoto.

Siku ya nne weupe ulikuwa bado upo na Jerusha akapiga simu Umm Salal kwa wasiwasi. Mutai akamwambia angoje. Siku ya saba uliondoka. Siku ya tisa Filfil aliutazama mnyoo, akaukosa, akaurukia tena na kuumeza, na Jerusha akapiga ukelele uliomwamsha Mama Munira kutoka usingizini.

Septemba Mama Munira alilazwa. Alikatwa kidole cha pili na mfupa kidogo nyuma yake, akakaa hospitalini siku kumi na moja. Kidonda cha unyayo, kilichomsumbua Jerusha miaka minne, kilifunga mwezi wa Novemba. Alikipima mara mbili siku ile, akaandika sifuri kwenye chati, kisha akaketi kwenye stuli bila kujua afanye nini na mikono yake.

Kwa Filfil, palipokatwa paliota kiuvimbe cheusi kisichozidi punje ya ulezi. Baadaye kikawa bapa kama koleo, kisha kikachanua vijiti viwili, vitatu. Mama Munira alikitazama kila jioni kwa kikuzaio, akimsomea Jerusha kinachoendelea ndani ya ile nyama kana kwamba wako darasani. Jioni moja aliweka kikuzaio chini, akanyoosha mguu wake mwenyewe kwenye mto, akautazama ulipopungua.

"Mimi sikuumbwa hivyo," alisema, na akaomba chai.

Desemba Jerusha alienda likizo kwao, ya kwanza kwa miaka miwili. Nesi wa muda aliachiwa maelekezo ya kurasa tatu, moja ikiwa ya salamanda. Juma la pili ulifika ujumbe wa sauti wa Mama Munira, naye Jerusha akauchezesha jikoni huku mamake akichambua mchicha, akimtafsiria kwa Ekegusii, lugha yao. Filfil amejivua ngozi usiku, Mama alisema, imetoka nzima, hata ya mguu mpya ikiwa na vidole vyake vitano kama glavu, na kabla nesi hajaitoa majini ameigeukia na kuila yote.

"Ameila?" mamake akauliza, kisu kikisimama hewani.

"Huwa wanakula," alisema Jerusha. "Ina nguvu ndani yake. Ni kawaida."

Mamake alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea na mchicha wake.