Wimbo wa Mlango wa Nyuma

Mimi ni fundi bati. Siku za kazi nanyoosha milango ya magari yaliyobondwa, Jumamosi napiga ngoma kwenye bendi, kwa hiyo maisha yangu yote ni kugonga vitu. Nasema hivyo ili ujue kwamba huyu ninayetaka kukueleza habari zake nimefanya naye kazi ukuta kwa ukuta miaka tisa. Kama nimemjua vibaya, kosa ni langu.

Tunamwita Besi, kwa sababu ndilo gitaa analopiga. Kibanda chake kinapakana na changu. Anashona viti vya magari. Anakata sponji kwa kisu kirefu, anavuta ngozi juu yake, anapiga pini, basi. Haongei akifanya kazi. Mteja akimsumbua bei, ananyoosha kisu kuelekea kwangu na kusema, "Muulize yule, ana maneno."

Bendi yetu ni ya roki, ila roki iliyochanganywa na rege, mapigo ya ngoma za harusi na tarumbeta mbili tulizozitorosha kanisani pamoja na wapigaji wake. Tunaimba juu ya maji yasiyotoka, mishahara isiyofika na polisi wanaofika upesi mno. Watu walitucheka sana mwanzoni. "Mtu mweusi na roki wapi na wapi?" Besi aliwajibu mara moja tu, kwenye kipaza sauti: "Roki ni yetu. Wengine waliiazima wakasahau kurudisha." Tangu siku hiyo wakaja kwa wingi, wengine kucheza, wengine kungoja atukane tena.

Tuna kanuni moja. Wimbo ukiwa na mtu wa kweli ndani yake, lazima aimbiwe yeye kwanza, nyumbani kwake, akiwa ameketi kitini, bila vyombo. Akisema ndiyo, tunaupiga. Akisema hapana, tunauchana. Kanuni hii haikutoka kwenye hekima. Ilitoka kwa mwenye nyumba mmoja tuliyemwimba kuwa anafukuza wajane, kumbe aliyekuwa akifukuza ni shemeji yake, naye mwenyewe ni mjane. Alipanda jukwaani na fagio bichi. Alama ninayo hadi leo, sikuonyeshi.

Sasa sikiliza. Mdogo wake Besi alifanya kazi kiwanda cha magodoro. Baba yao alikuwa mlinzi hapo hapo. Siku moja saa nane mchana moto ulishika chumba cha kukatia sponji, na sponji ikishika moto haikupi nafasi ya kutubu. Wakafa watu saba, wote wameangukiana kwenye mlango wa nyuma, na mdogo wake akiwamo. Tume ikaja, mzee akahojiwa, akasema mlango ulikwama. Tume ikaandika kuwa mlango ulikwama, ikala chakula cha mchana, ikaondoka. Nikikumbuka, natamani kubonda gari zima.

Besi hakulia. Jumatatu alifungua kibanda na kukata sponji. Niliisikia kupitia ukutani, ile sauti ya kisu, siku nzima. Jioni nikamwambia, "Dada, nenda nyumbani." Akasema, "Nyumbani nikafanye nini?" Ikawa hivyo miaka miwili. Alipiga besi bila kukosea hata pigo moja, akala alichopewa, akacheka pale watu walipocheka, sekunde moja baada yao.

Siku moja tukibadilisha nyuzi za gitaa akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuomba koleo, "Mlango haukukwama. Siku ile nilimpelekea baba chakula, nikamwona akiufunga kwa kufuli. Bosi alikuwa amesema wafanyakazi wanatorosha vipande vya sponji." Kisha akaomba koleo kweli.

Mwaka huu wafanyakazi waliosalia walituomba tupige kwenye kumbukumbu ya wale saba. Besi akaandika wimbo. Niliiona karatasi kwa macho yangu: kwenye mstari wa pili alikuwa ameandika "Baba", akalikata, juu yake akaandika "Bosi". Funika kombe mwanaharamu apite, nikajisemea, nikanyamaza. Nilimwelewa. Mama yao alikwishampoteza mwana, na kila mtu pale nyumbani aliamini kwamba mlango ulikwama. Wimbo ungemwondolea mume pia.

Ila kanuni ni kanuni. Marehemu haketi kitini, wanaketi wazazi wake. Jumapili asubuhi tukaenda, mimi na Besi tu.

Sebule ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vyeupe na televisheni iliyozimwa. Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayesubiri kuitwa mahali. Mama alikuwa jikoni akichagua mchele, mlango wa jikoni uko wazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndio wewe unayempigia mwanangu makelele?"

"Ndimi."

"Haya, imbeni. Mama anasikia huko huko."

Besi akasimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Mimi nikawa napiga pigo kwa kiganja juu ya goti.

*Mlango una bawaba, mlango una komeo,*
*Bosi ndiye kaufunga, nani aulizwe leo?*

Mzee akainua mkono. Besi akanyamaza.

"Hapana," mzee akasema.

"Hapana wimbo wote, au?"

"Hapo kwa bosi. Bosi hakuwepo siku ile, alikuwa safarini." Alisema bila haraka, akiangalia televisheni iliyozimwa. "Alitoa amri, kweli. Ila kufuli nilifunga mimi. Na moto ulipoanza nikakimbilia geti la mbele kuita watu, funguo ziko mfukoni mwangu. Nilizikumbuka nimeshafika getini. Niliporudi, moshi ulikuwa umeziba. Nikawasikia wanagonga."

Jikoni mchele uliacha kuchezacheza kwenye ungo. Nilikuwa bado napiga goti, sikujua. Nikaacha. Niliogopa, sikufichi, niliogopa kuliko siku ya fagio.

Mama akaja akasimama mlangoni, ungo mkononi.

"Baba watoto," akasema, "suruali yako ya siku ile niliifua mimi. Funguo nilizitoa mfukoni kabla ya kuiloweka. Nikaziweka mezani. Asubuhi ukazichukua."

Mzee akamgeukia. Sikumbuki kumwona akimtazama hivyo kabla.

"Miaka miwili," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Akaweka ungo chini, akaketi kwenye kochi lile jingine, si lile la mumewe. Hakulia. Mzee hakulia. Nilimtazama Besi, nikataka yeye alie, hata mmoja wetu tu alie ili nijue tumefika mahali. Uso wake ulikuwa ule ule wa kukata sponji.

"Basi mwimbe sawasawa," mama akasema. "Watu sita wengine wana mama zao. Nao wajue."

"Baba?" Besi akauliza.

"Imba, mwanangu."

Akaanza upya. Bawaba, komeo. Alipofika pale akaimba, "Baba ndiye kaufunga," kwa sauti tulivu, macho kwa baba yake, na mzee akasema, "Ndiyo." Besi hakukatiza wimbo. Akapita hapo akaingia ubeti wa pili, na mama, kwenye kochi lake, akasema, "Pandisha sauti, sikusikii."