Niliipandisha Jukwaani Siri ya Rafiki Yangu

Admin, jina langu usiliweke popote, na la kikundi chetu pia sitalitaja, maana Kisumu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nashona nguo hapo soko la Kibuye. Mwaka wa tisa huu naongoza kikundi kidogo cha maigizo. Hatuna mfadhili. Tuko watu kumi na mmoja, kuna mwalimu, kinyozi, mama wa samaki, wengine hata kazi hawana. Jumamosi tunafanya mazoezi, Jumapili alasiri tunaigiza kwa ukumbi wa kanisa fulani ibada ikiisha.

Mwaka jana watazamaji walianza kupotea. Tunacheza saa nzima mbele ya watu tisa, na sita kati yao ni mashemeji wa waigizaji. Mzee anayetunza ukumbi akaniita kando. "Mama, mimi nawapenda, lakini kuna watu wa harusi wanazitaka hizo Jumapili. Mkikosa watu tena, nitawaambia wazee wa kanisa nini?" Nilirudi nyumbani nikalia. Hatuna mahali pengine. Nikajiambia lazima niandike mchezo utakaojaza ule ukumbi.

Sasa kuna mwenzetu nitamwita Atieno, ingawa si jina lake. Ndiye anayetushinda sisi wote kwa kuigiza, na kwangu ni zaidi ya ndugu. Siku moja tukishona nguo za jukwaani, sisi wawili tu, aliniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Msichana anayeishi kwake, yule ambaye mume wake na majirani wote wanajua ni mdogo wake, ni mtoto wake wa kumzaa. Alimpata akiwa shuleni. Mama yake kule Luanda Kotieno akamlea kama wake. Atieno alipoolewa alikosa ujasiri wa kusema, na miaka ikaenda. Msichana alipoingia sekondari ndipo akaja kukaa naye mjini. "Ananiita Dada na mimi naitika," aliniambia. "Lakini kila akiniita, kuna mtu mwingine ndani yangu anaitika kwanza." Nilimkumbatia, nikamwapia kwamba hilo neno limekufia kwangu.

Baadaye mama yake Atieno aliugua, naye akaenda kumuuguza kwa miezi miwili. Ndani ya ile miezi mimi nikaandika. Nilibadilisha majina. Yule mwanamke nikampeleka Muhoroni, nikampa mume dereva wa trekta la miwa. Nikajidanganya kwamba sasa si hadithi ya mtu. Lakini yale maneno yake ya kuitika niliyaacha vilevile alivyoyasema, kwa sababu nilijaribu kuandika mengine nikashindwa.

Habari zilikuwa zimesambaa kwamba mchezo unahusu siri ya nyumbani. Siku ya kuigiza ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nikachungulia kando ya pazia, nikamwona Atieno safu ya pili. Alikuwa amerudi Ijumaa bila kuniambia, alitaka kutushtua. Kushoto kwake mume, kulia yule msichana. Ningeweza kusimamisha kila kitu. Ningesema mwigizaji ameugua, watu waende nyumbani. Nilitazama yale madirisha yaliyojaa watu, nikaacha pazia lifunguliwe.

Yale maneno yalipotamkwa, nilichungulia tena safu ya pili. Mume wake akafuta machozi. Msichana aligeuza kichwa polepole akamtazama Atieno. Atieno hakugeuka, alikaza macho jukwaani tu.

Watu walisimama wakapiga makofi. Na hapa ndipo ninapojionea aibu hata ninapoandika: nilifurahi. Nilikuwa nimeona uso wa rafiki yangu, na bado nilifurahi.

Mume wake alinifuata nyuma ya jukwaa. "Yawa, mama, umeniliza! Hii stori mliitoa wapi?"

"Tumeitunga tu," nikasema, Atieno akiwa amesimama pale pale.

Kesho yake Atieno alikuja kibandani kwangu. Hakupiga kelele. "Nilikukosea wapi?" aliuliza. Nikaanza kumweleza habari ya wazee na watu wa harusi. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo ni ukumbi," akasema. Alipofika mlangoni akasimama. "Tangu jana hajaniita Dada. Hajaniita chochote."

Sasa mzee ametuachia Jumapili zetu mpaka mwisho wa mwaka. Muhoroni wametualika. Vijana ambao hawajawahi kuona mchezo wanauliza vile wanaweza kujiunga. Nilipowaambia wenzangu tuupumzishe mchezo huu, kinyozi alinicheka. "Ndiyo mara ya kwanza tunajaza ukumbi, wewe unataka tuzime?" Ningewajibu nini? Sababu yenyewe siwezi kuitaja bila kumwanika Atieno.

Halafu mwenzetu aliyekuwa anaigiza yule mama wa kwenye mchezo akapata kazi Nakuru. Wote, kwa sauti moja, wakamtaja Atieno. Angekataa, wangeuliza kwa nini. Jumamosi iliyopita alikaa katikati yetu, akachukua skripti, akasoma. Alipofika kwa yale maneno hakusita, aliyasoma akapita. Alipomaliza walimpigia makofi, na kinyozi akasema, "Huyu anaigiza kama ni maisha yake!" Wakacheka. Atieno naye akacheka.

Nilimfuata nje nikamwomba msamaha, nikamwambia aniambie tu neno moja na nitausimamisha. Akanijibu, "Wewe ndiye mwongozaji."

Jumapili hii ndiyo anaigiza, na mume wake anakuja na familia yote. Nikiuondoa mchezo bila sababu, wenzangu wataanza kuchimba, na kikundi huenda kikavunjika. Nikiuacha, atasimama ayaseme yale maneno mbele ya mtoto wake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu yangu. Sitaki mnihurumie, sistahili. Nishaurini tu, ninyi mnaoona mbali kuliko mimi: nitamtoaje rafiki yangu pale jukwaani bila kumwanika mara ya pili? Nifanye nini?